Hivi ulimwengu upo kweli nje ya macho na masikio yetu, au kila mtu anaishi ndani ya kichwa chake? Karibuni tubishane kwa hoja

#1 Nondo Kavu (mleta mada)

Wakuu za muda huu,

Kuna swali limekuwa likivamia nyuzi za watu humu. Mtu kaleta mada yake ya ndoto au ya kifo au ya Mungu, ghafla anatokea mjumbe mmoja anauliza "kwani una uhakika gani kwamba hicho unachokiona kipo?", na uzi unafia hapo watu wanabaki kutukanana. Nimeona lipewe uzi wake.

Swali lenyewe liko hivi. Kila unachokijua kuhusu dunia kimekufikia kwa milango ya fahamu, hakuna njia nyingine. Mwanga unagonga nyuma ya jicho, mishipa inapeleka mapigo madogo ya umeme, alafu ubongo ambao wenyewe umekaa kwenye giza totoro ndani ya fuvu ndo unakutengenezea picha yenye rangi na umbali. Sasa ukitaka kuhakikisha kwamba picha inafanana na kitu chenyewe utatumia nini? Macho hayo hayo. Ni sawa na kumuuliza shahidi kama yeye mwenyewe ni mkweli, atakwambia ndio, umepata nini hapo?

Na picha hiyo inachezewa kweli, sio stori. Fanya hivi sasa hivi: chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo kushoto na doa jeusi kulia kwake, viachane kama sentimita 8. Ziba jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, usihamishe jicho, alafu sogeza karatasi taratibu kutoka mbali kuja usoni. Ikifika kwenye sentimita 30 hivi doa linapotea lote. Haliachi shimo, haliachi ukungu, unaona karatasi nyeupe safi kabisa pale ambapo unajua kuna doa. Picha ya doa inakuwa imeangukia nyuma ya jicho pale mshipa wa jicho unapotokea kwenda kwenye ubongo, hapo hapana chembe za kupokea mwanga, kwa hiyo ubongo unajazia tu kwa kukisia kutokana na vilivyo jirani. Ukichora mstari upite katikati ya doa, doa likipotea mstari unauona umeunga mzima! Mfaransa mmoja anaitwa Mariotte aliligundua hili miaka ya 1660, yaani binadamu wote waliotangulia walikuwa wametembea na tundu kwenye macho yote mawili bila kujua.

Wasiwasi wenyewe ni wa zamani. Imam Ghazali (kafariki 1111) anasimulia alikaa karibu miezi miwili haamini hata macho yake. Anasema unaangalia kivuli unakiona kimesimama, ukirudi baadaye kumbe kilikuwa kinatembea muda wote ule. Unaangalia nyota unaiona saizi ya dinari, hesabu zinakuja kukwambia ni kubwa kuliko dunia. Kisha akauliza lile swali linaloniumiza mimi: ikiwa akili imekuja kuwaumbua macho, nani kasema hakuna hakimu mwingine juu ya akili atakayekuja kuiumbua na akili nayo? Mwanafalsafa Descartes naye 1641 akaja na ndoto (utajuaje kwamba sasa hivi huoti?) na shetani mdanganyifu anayeweza kukutengenezea picha yote, na mwanafalsafa Berkeley mwaka 1710 akamaliza kabisa, akasema maada haipo, kuwepo kwa kitu ndo kule kuhisiwa kwake basi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msinitafute. Dunia ya nje ipo. Ila ushahidi wangu SIO kwamba naiona, maana kuona nimeshakuonesha kunavyochezewa. Ushahidi wangu ni kwamba inanikatalia. Nitafafanua mbele, kwanza nisikie wenye mawazo tofauti.

#2 Kambi Popote

Naweka kambi hapa. Doa limepotea kweli aisee, nimerudia mara nyingi mpaka kichwa kinauma.

#3 Kilongalonga

Mada za watu walioshiba hizi. Dr. Johnson, yule mwandishi wa Uingereza, alishamaliza 1763, walikuwa wametoka kanisani na rafiki yake wakiongelea huyo Berkeley wenu, rafiki akasema hoja ni ya uongo ila haiwezekani kupanguliwa, mzee akalipiga teke jiwe kubwa mpaka mguu ukarudi nyuma akasema naipinga HIVI. Na mwanafalsafa Moore mwaka 1939 kasimama mbele ya wasomi kanyanyua mkono mmoja akasema huu hapa mkono mmoja, akanyanyua wa pili, na huu hapa mwingine, kwa hiyo vitu vya nje vipo. Kwisha habari. Mi nina uhakika na mkono wangu kuliko nilivyo na uhakika na hoja yoyote ya mwanafalsafa yeyote, na hiyo ndo ilikuwa pointi ya Moore ambayo watu wanaichukulia kama utani.

#4 MzeeWaShaka

Kilongalonga teke la Johnson limethibitisha nini? Kaona jiwe, kasikia kishindo, kahisi maumivu. Zote tatu ni hisia. Berkeley hajawahi kusema hutasikia maumivu ukipiga jiwe, alichosema ni kwamba jiwe NDO mkusanyiko wa hisia hizo. Johnson kamsaidia Berkeley bila kujua.

Na hiyo mikono ya Moore ngoja nikuharibie siku. Mwaka 1998 watafiti wawili, Botvinick na Cohen, walifanya hivi: wanakukalisha mezani, mkono wako wa kushoto unafichwa nyuma ya kizuizi, mbele yako wanaweka mkono wa mpira. Alafu wanachukua brashi mbili ndogo, moja inapapasa mkono wako uliofichwa na nyingine inapapasa ule wa mpira, pale pale kwa wakati mmoja, kidole kwa kidole. Baada ya muda mfupi watu wanaanza kusema wanahisi brashi kwenye mpira. Wanauhisi ule mpira kuwa mkono WAO. Ukiwaambia wafumbe macho waoneshe mkono wao wa kushoto uko wapi, wanaonesha sehemu iliyosogea kuelekea kwenye mpira. Na kuna upande wa pili wa shilingi, watu waliokatwa mkono wanaendelea kuusikia unawauma miaka na miaka, vidole vinajikunja, hakuna kidole.

Sasa Moore anyanyue tena mkono aniambie ana uhakika.

Nondo Kavu hoja yako ya "inanikatalia" naisubiri kwa hamu ila naona inakoelekea na haitafika. Kwenye ndoto pia unakataliwa, unataka kukimbia miguu haiendi, unafukuzwa na kitu umekitengeneza mwenyewe.

#5 Nondo Kavu

Mzee asante, nitakuja kwenye ndoto. Ngoja kwanza nieleze kukataliwa ninakokusema mimi, maana sio kule kwa teke.

Sayari ya Uranus iligunduliwa 1781, watu wakapiga hesabu za njia yake kwa kanuni za Newton, na Uranus ikawa haifuati. Tofauti ilikuwa ndogo sana, jicho la kawaida lisingejua, ila miaka inavyozidi kwenda inazidi kukua. Huko Ufaransa akatokea mwanaastronomia Le Verrier akasema lazima kuna sayari nyingine nje zaidi inaivuta. Hajaiona. Hakuna aliyewahi kuiona akijua ni sayari. Kakaa na karatasi tu anakokotoa kinyumenyume, kutoka kwenye kosa kwenda kwa mkosaji, akapata sehemu ya anga inapotakiwa kuwa. (Kuna Mwingereza Adams naye alikuwa anapiga hesabu kama hizo, Waingereza na Wafaransa wakagombana sana, tuwaache.) Akaandika barua kwenda Berlin. Ikafika tarehe 23 Septemba 1846, na usiku ule ule mwanaastronomia Galle akakaa kwenye darubini, mwanafunzi wake d'Arrest kashika ramani ya nyota. Galle anataja nyota moja moja anayoiona, ilipo na ukali wake, kijana anahakiki kwenye ramani, ipo, ipo, ipo, mpaka kijana akasema hiyo haipo kwenye ramani. Ilikuwa ni Neptuni, na ilikuwa ndani ya nyuzi 1 tu kutoka pale alipopataja Le Verrier.

Watu wengi stori wanaishia hapo wakisema ona akili ya mwanadamu. Mi kwangu ushahidi uko kwenye nusu ya pili ambayo haisimuliwi sana.

Le Verrier yule yule akageukia Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Nayo ilikuwa na kakosa, njia yake inazunguka kwa ziada ndogo ambayo hesabu haziielezi, ni kama sekunde 43 za pembe (nyuzi moja ina sekunde 3,600) kwa KARNE NZIMA, kitu kidogo kupita maelezo. Akatumia dawa ile ile: kuna sayari iliyojificha, safari hii karibu na jua. Mpaka jina ikapewa, Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini aliyependa nyota akasema ameiona inapita mbele ya jua. Wanaastronomia wakaitafuta wakati jua limepatwa, wengine wakasema tumeiona. Akili moja, hesabu za aina moja, kiu moja, jina kubwa, wataalamu wengi wakiwa tayari kuamini. Le Verrier amekufa 1877 bado anaiamini.

HAIPO. Haikuwepo. Ile sekunde 43 ilikaa inasubiri mpaka 1915 Einstein alipokuja na nadharia nyingine kabisa ya mvutano na namba ikatoka yenyewe bila sayari yoyote.

Sasa mwenye kusema dunia ni hisia zetu na fikra zetu anielezee hili jambo moja. Mara ya kwanza na mara ya pili upande wa akili ulikuwa sawa. Matarajio sawa, ustadi sawa, tena mara ya pili imani ilikuwa kubwa zaidi. Kilichotofautisha jibu la ndio na jibu la hapana hakikuwa ndani ya kichwa cha mtu yeyote. Kilikuwa wapi basi?

Hiyo ndo dunia ya nje ninayoitetea. Sina haja niione ilivyo. Inatosha kwamba kuna kitu kinapiga kura ya hapana hata pale ambapo sisi wote tumepiga ndio.

#6 MzeeWaShaka

Umeandika vizuri nakubali, hiyo ya Vulcan sikuwa nayo. Ila bado hujanitoka.

Umeonesha kwamba jibu halikuwa kwenye akili INAYOJITAMBUA. Akili ina ghorofa za chini. Moyo unadunda huamui, lugha unaongea bila kupanga sarufi, ndoto inakuletea mtu anakwambia jambo ukashangaa, nani aliandika maneno yake kama sio wewe? Kwa hiyo kukataliwa na kushangazwa kunaweza kutoka chini ya akili yangu mwenyewe. Na kumbuka kwa mtu mwenye shaka kamili, Le Verrier, Galle, Berlin na barua vyote ni sehemu ya picha hiyo hiyo ninayoiona mimi. Huwezi kunitolea ushahidi wa watu wengine wakati kuwepo kwa watu wengine ndo tunakojadili.

#7 Nondo Kavu

Haya twende kwenye hizo ghorofa za chini, na tuwaondoe watu wote tubaki na wewe peke yako.

Ndoto inakataa, kweli. Ila ndoto haitunzi hesabu. Soma maandishi ndotoni, geuka, soma tena, mara nyingi yamebadilika. Dunia ya mchana inatunza mpaka hesabu usizozijua wewe. Zidisha 7,919 kwa 6,577 kichwani. Huwezi, au tuseme huwezi haraka. Bonyeza kwenye kikokotoo inakuja 52,083,263. Kaa chini na kalamu uzidishe taratibu mstari kwa mstari utafika pale pale. Weka mawe kwenye safu kama una maisha ya kutosha uhesabu, pale pale. Sasa kama kikokotoo na kalamu na mawe vyote ni wewe, kuna sehemu yako ilikuwa inalijua jibu kabla hujalijua, na ikalitunza lisipishane hata tarakimu moja kwenye njia tatu tofauti.

Ongeza sasa. Hiyo ghorofa ya chini inajua Kichina na Kirusi ambavyo we hujui, maana ukifungua kitabu cha Kichina maandishi yapo yamepangika na ukijifunza miaka mitano utakuta yalikuwa na maana tangu siku ile ulipoyaona kama michoro. Inajua hesabu za mzunguko wa Utaridi. Inajua ugonjwa gani utakupata na dawa gani itakusaidia na haikwambii. Haikutii, haikusikilizi ukiiomba, haibadiliki ukiacha kuiamini, na ilikuwa na mambo yake kabla hujaanza kuyawaza.

Mzee hicho kitu ndo mimi nakiita ulimwengu. We umeamua kukiita ghorofa ya chini ya akili yako. Umebadilisha jina, umebaki na kitu kile kile chenye tabia zile zile. Tofauti ni kwamba mimi nakiri sikimiliki.

#8 Binti Maabara

Nichangie upande wa vitu ambavyo hakuna mlango wa fahamu unaovigusa kabisa, maana naona mmejikita kwenye kuona tu.

Jicho letu linapokea mawimbi ya mwanga kuanzia kama nanomita 380 mpaka 750 hivi, sikio kuanzia mitetemo 20 mpaka 20,000 kwa sekunde kwa mtu mwenye sikio zima, tena kijana. Nje ya hapo giza na kimya. Popo anapiga kelele karibu yako usiku kucha husikii, nyuki anaona alama za urujuanimno kwenye maua ambayo kwako ni ya rangi moja. Hivyo vyote bado kuna kiumbe anavihisi, kwa hiyo mfuasi wa Berkeley anaweza kupona.

Asipone hapa. Februari 1896 mwanasayansi Becquerel huko Paris alikuwa anachunguza chumvi za urani, aliamini lazima uzianike juani kwanza ndo zitoe miali. Jua likagoma, mawingu siku kadhaa. Akachukua sahani zake za picha zimefungwa karatasi nyeusi, chumvi ikiwa juu yake na kipande cha shaba chenye umbo la msalaba katikati, akazitia kwenye droo akafunga. Tarehe 1 Machi akaamua kuzisafisha hivyo hivyo, akitegemea kakivuli hafifu. Akakuta umbo limetoka kali kabisa. Lile tendo lilifanyika gizani, ndani ya droo, hakuna jicho, hakuna aliyelifikiria, na aliyekuwa na wazo lolote juu yake alikuwa na wazo la KINYUME. Hakuna kiumbe anayejulikana mwenye kiungo cha kuhisi mionzi ile, na bado ilikuwa inapiga kazi.

Na ilikuja kuua. Miaka ya 1910 na 1920 huko Marekani kulikuwa na mabinti walioajiriwa kupaka rangi ya radiamu, kitu kinachotoa mionzi ya aina hiyo, kwenye namba za saa ili zing'ae gizani. Brashi ikipanuka ncha unaiweka kati ya midomo unaichonga, unachovya, unapaka namba, unarudisha mdomoni, siku nzima. Waliambiwa haina madhara na waliamini, wengine walijipaka kwenye kucha kwa kujifurahisha. Meno yakaanza kung'oka, mifupa ya taya ikaoza. Hakuna hisia iliyowaambia chochote wakati ule, na hakuna imani iliyowakinga. Ndo maana nikisikia "kitu kipo kwa kuwa kinahisiwa" huwa nawakumbuka hao.

#9 Ustadh Mtulivu

Assalam alaykum. Mnamwonea Berkeley kwa kumkata nusu. Yule alikuwa mtu wa dini na baadaye askofu. Hakusema droo ikifungwa vilivyomo vinatoweka. Alisema vinaendelea kuwepo kwa sababu Mungu anavijua na kuviona muda wote. Kwa hiyo Becquerel wa dada yangu Binti Maabara hapati tabu: hakuna jicho la mtu, lakini kuna Mwenye kuona. Na hoja ya Nondo Kavu pia haimgusi, maana kinachokukatalia ni matakwa ya Mungu, sio maada mfu isiyojua inachokifanya.

Na Ghazali mliyemtaja mtoto wa watu malizieni stori yake. Hakupona kwa dalili za kimantiki, anasema mwenyewe alipona kwa nuru Mungu aliyoitia kifuani mwake. Alijua shaka ya aina hii haiponi kwa hoja, kwa sababu kila hoja inahitaji kianzio na shaka imekula vianzio vyote.

#10 Nondo Kavu

Wa alaykum salam Ustadh. Hapo kwa Ghazali umenifunga na sina ugomvi nako.

Kwa Berkeley nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Hoja yangu inafika mpaka kwenye "kuna kitu nje yangu kisichonitii". Kama kitu hicho kimesimama kwa maada au kwa akili ya Mungu, sekunde 43 za Utaridi hazisemi. Ila angalia Berkeley mwenyewe kaangukia wapi: kakimbia dunia ya nje, na ili droo isiwe tupu kalazimika kuleta Mtazamaji ambaye yuko nje ya Berkeley. Hakuweza kubaki peke yake. Hakuna aliyeweza.

#11 Mtoto wa Kompyuta

Mnasahau kwantamu, ile fizikia ya chembe ndogo kabisa. Chembe haina mahali mpaka iangaliwe, hiyo ni sayansi sio falsafa, Nobeli ya fizikia 2022 wamepewa watu watatu (Aspect, Clauser, Zeilinger) kwa majaribio ya mambo hayo hayo. Kwa hiyo fahamu ndo inaumba uhalisia. Plus mwanafalsafa Bostrom 2003 alishaonesha kuna uwezekano mkubwa tupo kwenye simulesheni, yaani dunia ya kuigizwa ndani ya kompyuta, wote tunajadili pikseli humu.

#12 Binti Maabara

Bostrom hakusema hivyo. Alisema mojawapo ya mambo matatu lazima liwe kweli: jamii karibu zote zinakufa kabla hazijafikia uwezo huo, au zikifikia hazina hamu ya kuendesha simulesheni za mababu zao, au sisi karibu hakika tumo ndani ya mojawapo. Hakuchagua la tatu kwa niaba yako. Na hata likiwa la tatu, simulesheni inahitaji mashine, na mashine iko mahali. Dunia ya nje imehamia mtaa wa pili tu.

Kwenye kwantamu "kuangalia" haimaanishi mtu na macho yake. Kuna jaribio zuri la Vienna lilitoka 2004: wanarusha molekuli kubwa za kaboni zenye atomu 70 kila moja kupita kwenye vichanja vyenye mianya myembamba sana, zikiwa za kawaida zinafanya mistari ya mawimbi, yaani kila molekuli haina njia moja maalumu. Alafu wanazipasha moto kwa leza kabla hazijapita. Kadri zinavyokuwa za moto ndivyo mistari inavyofifia mpaka inakwisha. Sababu ni kwamba molekuli ya moto inatoa mwanga wake yenyewe ikiwa njiani, na mwanga huo unabeba habari ya ilikopita. Hakuna mtu aliyeupokea mwanga ule. Hakuna aliyeusoma. Ulitoka ukaenda zake ukagonga kuta, na bado mistari ilikufa.

Nobeli ya 2022 inasema jambo zito, silipunguzi: huwezi kushikilia kwa pamoja kwamba chembe zina majibu yao yote tayari kabla ya kupimwa NA kwamba hakuna athari inayopita kasi ya mwanga. Hiyo inatuvunjia picha ya vijiwe vidogo vinavyosubiri kuonwa. Ila nani alituvunjia? Baadhi ya waliohangaika na jambo hilo walitamani iwe vingine, Einstein wa kwanza. Ni ile hapana ya Nondo Kavu tena.

#13 Kilongalonga

Umenikumbusha mwanafalsafa Russell anasimulia alipokea barua kutoka kwa Christine Ladd-Franklin, mwanamama msomi mkubwa wa mantiki, anasema yeye anaamini kwamba yupo peke yake na wengine hawapo, na anashangaa mbona wengine hawakubaliani na msimamo huo 😂😂😂

Nimecheka mpaka nimekohoa.

#14 MzeeWaShaka

Hiyo barua hata mimi imenishinda haha.

Turudi. Nondo Kavu nikikupa kwamba kuna kitu nje, we bado huna cha maana mkononi. Mwanafalsafa Kant 1781 alishasema hilo: tunajua vitu vinavyotutokea sisi, kitu chenyewe kilivyo hatukijui wala hatutakijua, maana hata nafasi na wakati ni miwani yetu. Dunia yako ni "kitu fulani kinachosema hapana". Hiyo ni dunia au ni uvumi?

#15 Nondo Kavu

Hapo ndo patamu.

Kwa upande mmoja Kant yuko sawa na mi simpingi. Wekundu hauko kwenye ua, uko kwenye mkutano wa ua na jicho na ubongo. Joto unalolihisi, utamu, kelele, hivyo ni vya kwetu. Mtu akisema dunia ya nje imepakwa rangi kama ninavyoiona, huyo simtetei.

Ila hapana ikisemwa mara nyingi inageuka kuwa mchoro. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu (kioo kinachoutawanya mwanga), rangi zikatawanyika mezani, akawa anaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Urujuani joto dogo, kijani zaidi, nyekundu zaidi. Alafu akaweka kipimajoto PEMBENI ya nyekundu, pale ambapo meza haina rangi yoyote, na ndo kikapanda kuliko vyote. Mwaka unaofuata mwanasayansi Ritter akaenda upande wa pili, nje ya urujuani, akakuta chumvi ya fedha inageuka nyeusi haraka kuliko kwenye rangi yoyote inayoonekana. Sasa ona, hakuna kati yao aliyeona kitu kipya. Wameona zebaki na unga mweusi. Ila wamejua kwamba ule utepe wa rangi hauishii pale macho yetu yanapoishia, unaendelea huku na huku, na unaendelea kwa mpangilio: leo tunajua urefu wa mawimbi yake, kasi yake, nishati yake, na unaweza kutengeneza mashine ikafanya kazi kwa sehemu yoyote ya utepe huo.

Hiyo sio picha ya kitu, nakubali, ni uwiano kati ya vitu. Lakini uwiano huo haukutegemea miwani yetu, kwa sababu tuliufuata mpaka nje ya fremu ya miwani na ukaendelea kushika. Mtu asiyeona tangu kuzaliwa anaweza kuujua wote kama mimi, anachokosa ni wekundu tu. Mi nasema dunia ya nje tunaijua kwa mpangilio wake, na rangi tunajipakia wenyewe. Sio uvumi huo Mzee, uvumi hautoi tarakimu.

#16 MzeeWaShaka

Mmh. Na yule shetani wa Descartes? Maana anaweza kutengeneza zebaki, mpangilio, tarakimu, hapana zako zote, Vulcan na Neptuni, kila kitu. Hujamgusa tangu uzi uanze.

#17 Nondo Kavu

Sijamgusa na sitamgusa, hagusiki. Ameundwa ili kila kitakachotokea kiwe ushahidi wake. Kipimajoto kikipanda ni yeye, kikishuka ni yeye. Mimi hoja yangu ingekufa kama Vulcan ingeonekana kila walipoitamani, au kama zebaki ingepanda popote Herschel alipotaka ipande. Yako ingekufa kwa kitu gani? Nitajie kimoja alafu tuendelee.

#18 MzeeWaShaka

Ngoja nikafikirie. Ila swali lako lina mtego, nani kasema hoja ya kweli lazima iwe na kitu cha kuiua? 2 + 2 = 4 inauliwa na nini?

#19 Binti Maabara

Hapo pazuri, ila 2 + 2 = 4 haijadai kuna mtu anayetudanganya. Shetani wako unadai YUPO. Anayedai kuna kitu kipo ndo anadaiwa tofauti kati ya kuwepo kwake na kutokuwepo kwake. Nondo Kavu kaionesha ya kwake kwenye #5. Zamu yako.